Mwali wa Nyumba Mbili

Mwanzoni Msusi alidhani ni bibu za mtoto mchanga. Ilikuwa Jumatatu jioni, wingu limejaa, naye alikuwa anaanua nguo uani mbio mbio kabla mvua haijamwahi. Alipovuta taulo la bintiye, vitambaa vitatu vilivyoanikwa chini yake vikamwangukia miguuni. Vilikuwa vinene katikati, vimeshonwa kwa maua madogo ya zambarau, na kila kimoja kilikuwa na masikio mawili yenye vifungo vya kubana. Akaviokota, akavigeuza huku na huku. Bibu, alisema moyoni. Akavikunja ngumini, maana kama ni bibu basi yule mwanamke wa kule ana mimba, na mwanangu ameshaanza kumfulia nguo za mtoto ambaye hata hajazaliwa.

Yeye na mumewe, fundi wa magari, walikuwa wameachana bila kurushiana sufuria. Walikubaliana mtoto akae kwa mama siku za shule, Ijumaa aende kwa baba, Jumapili arudi. Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na tatu, na watu wote walimwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakupumzisha mdomo ila akilala. Baadaye fundi akaoa tena. Mke mpya alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na Msusi, ambaye hakutaka kulitia kinywani jina la mwanamke huyo, alimwita "yule wa mikate." Chiriku alimwita mama mdogo. Kila neno hilo lilipotamkwa, Msusi alijihisi kama mtu aliyekanyagwa kidole, na aliyemkanyaga hana habari.

Mume hamtaki, hilo angeliapa mbele ya yeyote. Wivu wake ulikuwa wa mtoto. Chiriku aliporudi Jumapili akinukia mkate, Msusi alifungua madirisha. Chiriku aliposema, "Mama mdogo anasema mchele ukiuloweka kwanza unakuwa mzuri," wali wa siku hiyo ulipikwa bila kulowekwa, na kesho yake pia. Na Jumapili moja aliona katika kichwa cha mwanawe msuko mmoja, mmoja tu, nyuma ya sikio, ambao haukuwa wa mkono wake. Ulikuwa umefumuka, mtu akausuka upya, tena vizuri. Msusi alimkalisha mtoto chini, akafumua kichwa kizima, akaanza moja.

"Chiriku. Njoo hapa."

Msichana akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alipoona kilicho mkononi mwa mama yake, akasimama mlangoni.

"Hizi bibu za nani?"

"Si bibu, mama." Chiriku karibu acheke, kisha akaona uso wa mama yake akaghairi. "Ni pedi. Zile za kufua."

"Pedi za nani?"

"Zangu."

Matone ya kwanza yakaanza kudondoka. Nguo nyingine bado zilikuwa kwenye kamba, na hakuna aliyezikimbilia.

"Tangu lini?"

"Tangu likizo."

"Likizo ipi?"

"Ile ndefu."

Tangu likizo ndefu, muhula mzima ulikuwa umepita. Mitihani imefanywa, matokeo yametoka, sare imeshafupika mtoto akanunuliwa nyingine, na muda wote huo Msusi alikuwa akiwaambia wateja wake, huku vidole vikikimbia, "Wangu bado mtoto kabisa, huyu." Kumbe mtoto alikuwa amevunja ungo, tena nyumbani kwa mwanamke mwingine.

"Nani alikupa?" aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Mama mdogo."

Msusi aliingia ndani, akapanda juu ya kiti, akashusha kikapu kutoka juu ya kabati. Kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi ya zawadi. Akakiweka kitandani, akakifungua. Mlikuwa na pakiti za pedi, za bei ya juu, zenye harufu ya maua. Chupi mpya bado zina lebo. Sabuni ya kuogea. Na kipochi cha zipu cha kubebea shuleni. Alikuwa amekikusanya kidogo kidogo tangu mtoto alipokuwa darasa la nne.

"Hiki nilikuandalia mimi," alisema. "Nilikuwa naingoja siku yako."

Chiriku alikitazama kikapu muda mrefu. "Asante, mama," alisema, kwa adabu, kama mtu aliyepewa chai ugenini.

Asante hiyo ndiyo iliyomkata Msusi. Kwa sababu yeye mwenyewe, ilipomfika, alikuwa shuleni, akarudi nyumbani na sweta limefungwa kiunoni, akilia kwa kudhani anakufa. Mama yake alichana shuka kuukuu vipande vinne, akampa, akasema, "Sasa uachane na wavulana." Basi. Hakusema lingine hadi akaingia kaburini. Vipande vile alivifua kwa siri na kuvikausha chini ya godoro, vikanuka, vikamchubua, na siku moja kimoja kilidondoka mbele ya darasa. Aliapa kwamba akipata binti hatavaa tambara. Binti yake atanunuliwa vitu vya dukani, safi, vyeupe, kama watoto wa watu, na mama yake atakaa naye kitandani aongee naye mpaka maneno yaishe. Sasa tambara limerudi, tena limeletwa na yule wa mikate, na maneno yote aliyoyatunza yalikuwa yamekwisha kusemwa na mwingine.

"Mwanangu havai matambara," alisema. "Waambie huko."

"Mama, si mata..."

"Nimesema."

Asubuhi alizipeleka zile pedi tatu saluni, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, akachukua mkasi akazikata. Pamba iliyokuwa ndani ilikuwa tabaka juu ya tabaka, imeshonwa kwa makini, na mkasi ulipata taabu. Vipande alivitumia kufutia rangi ya nywele. Vilifuta vizuri, jambo lililomwudhi zaidi.

Chiriku aliporudi shule akapitia saluni kama kawaida, akaviona juu ya sinki, maua ya zambarau yamekuwa meusi. Hakulia. Aliweka mkoba, akachukua ufagio, akafagia nywele sakafuni, akaenda ndani. Na tangu siku hiyo Chiriku akawa mtu wa "ndiyo, mama" na "hapana, mama." Nyumba ikapoa. Mtu ambaye miaka yote alimwomba mtoto huyo anyamaze walau apumue, sasa alijikuta anawasha redio.

Mwezi ulipoandama tena, Msusi aliona pakiti ya kwanza imefunguliwa, akafurahi. Alijiona kuwa ameshinda. Lakini siku ya pili mtoto alianza kutembea kwa kutanua miguu, kama aliyeshuka kwenye baiskeli mbovu.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

Akamwacha. Wivu una tabia hiyo, unamfanya mtu aogope kuuliza mara mbili, asije akaambiwa asichotaka kusikia.

Ilitokea pia kwamba gari la taka halikupita mtaani kwa muda. Mifuko ililundikana ukutani upande wa barabara, na mchana mmoja mbwa wakaupasua mfuko wa nyumba ya Msusi. Yeye alikuwa ndani anasuka. Alichosikia ni wateja wake wawili kunyamaza ghafla na kutazama nje. Pedi zilikuwa zimetapakaa mbele ya mlango wa saluni, zimetoka ndani ya karatasi zake, mbwa mmoja ana moja mdomoni anaitikisa. Alitoka na ufagio na beleshi. Ziligoma kufagilika, ile gundi yake imeshika vumbi na majani na nywele za saluni, na plastiki inang'aa juani. Akazizoa kwa mikono. Na wakati ameinama hivyo, wanafunzi wakaanza kutokea kwenye kona.

Mbele alikuwa Chiriku. Nyuma yake, hatua chache, walikuwa wale wavulana pacha wa jirani, watoto wa mteja wake mkubwa, Mama Pacha. Walisoma naye darasa moja. Mmoja akamwambia mwenzake neno, wakabanwa na kicheko. Chiriku alipita katikati ya zile taka bila kuangalia chini, akamsalimu mama yake, "Shikamoo," akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

Msusi alibaki na beleshi mkononi. Wazo lilimjia kwamba zile za kufua mbwa asingezipata, maana zisingekuwa kwenye taka. Akalifukuza wazo hilo kama anavyofukuza nzi.

Wiki iliyofuata, asubuhi ya katikati ya wiki, yule wa mikate akaingia saluni.

Msusi alikuwa amemwona mara mbili tu, kwa mbali. Kwa karibu alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mrefu, mabega mapana kwa kubeba trei, macho mekundu ya mtu aliyeamka kabla ya jogoo. Kwenye kingo za masikio alikuwa na unga. Ndani ya saluni kulikuwa na mteja mmoja, Mama Pacha, amekaa chini ya draya, kichwa kimejaa vibanio.

"Habari za kazi, dada. Nimekuja kusukwa."

Msusi alitaka kusema hana nafasi. Lakini viti viwili vilikuwa vitupu, na Mama Pacha alikuwa anaangalia kwa macho yaliyotoka kama ya samaki wa kukaanga.

"Kaa," alisema.

"Mistari tu ya kawaida. Iende nyuma."

Msusi akachukua chanuo. Kichwa cha yule aliyemnyima usingizi kilikuwa sasa mikononi mwake, kimeinama, shingo wazi. Alizigawa nywele akitafuta kasoro. Mba hakuna. Nywele nzito, laini, zinashika mkono. Hata hilo alilipata, alisema moyoni, akaanza kusuka, akaukaza mstari wa kwanza mpaka nyusi za mwanamke zikapanda juu.

"Unavuta, dada."

"Ndiyo kusukwa."

"Sawa."

Mstari wa pili ukaja, na wa tatu. Yule wa mikate, Mwokaji, hakulalamika tena. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mtoto wako."

Msusi alikuwa ameandaa maneno makali, lakini yote yalitegemea mwanamke huyu aseme "mtoto wetu." Sasa hayakuwa na pa kushikia.

"Ana vidonda," Mwokaji aliendelea. "Mapajani na sehemu zake. Ijumaa alikuja anashindwa kukaa. Nilimpeleka kituo cha afya, nesi amempa dawa ya kupaka."

Mkono wa Msusi ukasimama. "Umempeleka mwanangu kutibiwa mimi mama yake sijui?"

"Baba yake alikupigia. Hukupokea."

Ilikuwa kweli. Simu za fundi za Jumamosi alikuwa na desturi ya kuziacha zilie, ili ajue kwamba na yeye ana shughuli zake.

"Nesi anasema wapo watu ngozi zao hazipatani na zile za kutupa," Mwokaji alisema. "Wengine hawana shida nazo, na mtoto wako shida anayo. Hata mara ya kwanza tulianza na hizo hizo za dukani, zikamchubua vile vile. Ndiyo nikamtafutia za kitambaa, akatulia. Mimi mwenyewe ziliniumiza miaka mingi, nilidhani ndivyo uanamke ulivyo. Sasa natumia kikombe."

"Kikombe gani?" Msusi hakutaka kuuliza. Mdomo ulimtangulia.

"Kidogo hivi, cha mpira laini. Kinakaa ndani, kinakinga. Ukienda chooni unamwaga, unakisuuza, unakirudisha. Ukimaliza siku zako unakichemsha, unakiweka. Ninacho tangu kabla sijaolewa. Mpaka leo sijatupa kitu kwenye pipa la taka."

Draya ikazimika. Mama Pacha alikuwa ameizima mwenyewe, ametoa kichwa nje. "Samahani, mama. Kinakaa wapi?"

"Ndani," alisema Mwokaji.

"Na hakipotei?"

"Kitapotelea wapi, mama? Hakuna njia nyingine huko."

Mama Pacha alifikiri. "Hata kweli," alisema, akarudisha kichwa chini ya draya, ila hakuiwasha.

"Mtoto sikumpa hicho," Mwokaji alimwambia Msusi, sasa kwa sauti ya chini. "Hilo ni la yeye na mama yake, wakati wake ukifika. Lakini zile za kitambaa, dada, tatizo si kuvaa. Tatizo alikuwa anazianika chini ya taulo, mwenyewe ameniambia. Nilimwambia zinataka maji baridi, sabuni, halafu jua, jua lenyewe. Zikikaukia kivulini zinabaki na unyevu, na hapo ndipo madhara yanapoanza. Kwangu anazianika juani. Hapa alikuwa anazificha."

Msusi aliliona godoro la utotoni mwake, na vipande vya shuka chini yake. Harufu ile ikamjia puani. Mama yake hakuwahi kumwambia habari ya jua.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Wewe mtu mzima. Mwezi, miezi, unakaa na siri ya mtoto wa mwenzio."

"Alinikataza."

"Mtoto akukataze wewe?"

"Alisema nikisema, hataniambia kitu tena. Nikaona bora awepo mtu mmoja anayeambiwa."

Msusi akasuka. Vidole vilikuwa vimelegea bila yeye kujua, na mistari ya upande huu ilikuwa inatoka vizuri kuliko ya upande ule. "Na mimi? Mimi kwa nini nisiambiwe?"

Mwokaji alijifuta unga sikioni. Kisha akasema, "Hilo muulize mwenyewe. Sikuja kusema kila kitu."

Msusi alipomaliza, Mwokaji alijitazama kwenye kioo, akashukuru, akalipa kama mteja yeyote. Mlangoni akageuka. "Ninazo nyingine nyumbani, mpya. Nimpe?"

"Hapana," alisema Msusi. "Nitanunua mwenyewe."

Jioni hiyo alifunga saluni mapema, akaingia chumbani kwa Chiriku, akakaa pembeni ya kitanda. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi anasoma.

"Nionyeshe vidonda."

"Mama..."

"Mimi ndiye niliyekuzaa, Chiriku. Hakuna nisichokijua."

Akaonyesha. Msusi alitazama, akanyanyuka, akaleta maji ya vuguvugu na kitambaa safi na ile dawa ya nesi. Kazi ilipokwisha, akauliza kile alichokuja kuuliza.

"Kwa nini ulimwambia yeye?"

Chiriku alijifunika shuka mpaka kidevuni. "Kwa sababu ya saluni."

"Saluni imefanya nini?"

"Nilipoanza kuota kifua, ulimwambia Mama Pacha. Nilikuja kukuomba hela ya daftari, ukamwambia, mwone huyu, maembe yameanza kuchanua. Mama Pacha akanishika hapa. Mkacheka wote. Wateja wote." Alikuwa anaongea akiangalia ukuta. "Kesho yake pacha wake walijua. Darasa zima likajua. Wakaniita jina."

"Jina gani?"

"Sitaki kulisema."

Msusi alikumbuka siku ile. Alikumbuka kicheko, na jinsi alivyofurahi, na jinsi wanawake walivyompongeza kama vile yeye ndiye aliyeota. Uso wa mtoto hakuukumbuka. Hakuwa ameuangalia.

"Nilisema kwa furaha," alisema.

"Najua, mama. Na hii ungeisema kwa furaha."

Alitaka kukana. Angeapa kwamba la, hili angelitunza, hili lilikuwa na kikapu chake na karatasi yake ya zawadi. Lakini alijijua. Kabla mchana haujaingia, Mama Pacha angekuwa nalo, na Mama Pacha akiwa nalo, mtaa unalo. Kwa mara ya kwanza tangu aone vile vitambaa, hasira yake ilikosa mtu wa kumwelekea huko kwa yule wa mikate. Wivu ulibaki, ila sasa ulikuwa mzito kuubeba, kwa sababu yule mwanamke alipewa kitu ambacho yeye alikuwa nacho mkononi akakimwaga.

"Zile nilizokata," alisema. "Nilikosa."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Hakusema si kitu, na Msusi hakumlaumu.

Kituo cha afya kilikuwa na kikundi cha wanawake waliokuwa wakishona na kuuza pedi za kufua kwenye meza karibu na geti. Msusi alikwenda Alhamisi. Alizipima moja moja, akavuta nyuzi, akafungua na kufunga vifungo, akauliza ndani kuna nini, muuzaji akamfungulia moja ambayo haijashonwa akamwonyesha. Pamba, taulo, na kitambaa chembamba cha kuzuia maji. Akauliza zinadumu muda gani, akaambiwa zikitunzwa zinakwenda miaka. Alinunua nyingi kuliko zile za Mwokaji, na zenye rangi kali kuliko zile za Mwokaji, njano na nyekundu na kijani cha kasuku, maana hata katika kutubu mtu hapendi kushindwa.

"Na wewe mwenyewe?" muuzaji aliuliza.

"Mimi nimeshazoea zangu."

"Hata mimi nilikuwa nimezoea."

Akaongeza nne, za rangi ya kahawia, akazitia chini kabisa ya mfuko.

Mwezi wake ulipoingia alizijaribu kama mtu anayejaribu viatu vya kuazima. Siku ya kwanza alisimama saluni akienda chooni kila mara kujikagua, hadi mteja akamuuliza kama ana tumbo la kuhara. Siku ya pili akasahau. Jioni, akioga, ndipo alipogundua kwamba muwasho ambao miaka yote aliuona ni sehemu ya mwezi, kama maumivu ya kiuno, haukuja. Alikaa na jambo hilo peke yake bafuni. Halafu likamjia lingine, kwamba yule mwanamke alikuwa sahihi tangu mwanzo, na furaha ikaingia mchanga.

Kazi ya kufua waliifanya pamoja, kila mtu na beseni lake, uani. Mtoto ndiye aliyemfundisha: maji baridi kwanza, si ya moto, ya moto yanashikisha doa. "Mama mdogo..." alianza, akajikata.

"Sema tu," alisema Msusi, akikamua kwa nguvu. "Anasema nini?"

"Anasema usitumie ile dawa ya kulainisha nguo. Inazuia kitambaa kisifyonze."

"Haya."

Akaikamua hiyo pedi mpaka ikalia. Lakini dawa ya kulainisha aliirudisha kabatini. Wakazianika kwenye kamba ya nje kabisa, juani, na hakuna taulo lililowekwa juu.

Chiriku hakurudi kuwa chiriku kwa siku moja. Alirudi kwa vipande. Kwanza habari za mwalimu wa hesabu, kisha nani kagombana na nani, kisha siku moja, saluni imejaa, akaingia na sare, akamwinamia mama yake sikioni akanong'ona kwa muda. Msusi alisikiliza, vidole vikiendelea kusuka. Akanong'ona jibu. Mtoto akacheka, akaenda ndani.

"Kasema nini?" aliuliza Mama Pacha, aliyekuwa anasubiri zamu.

"Kasema ana njaa."

"Njaa ndiyo ya kunong'onwa?"

"Njaa ya siku hizi, mama."

Wanawake wakamtazama wakingoja, kwa kuwa haijawahi kutokea Msusi akawa na habari asiigawe. Ulimi ulimwasha kweli. Akaweka vibanio vitatu mdomoni, akasuka navyo hivyo hivyo.

Ijumaa, Chiriku alipokuwa anafunga mkoba wa kwenda kwa baba yake, Msusi alisimama mlangoni. "Umebeba zako?"

"Za huko ziko huko. Nina droo yangu."

Droo. Hilo alikuwa halijui. Aliiona droo hiyo, katika chumba ambacho hajawahi kuingia, imefunguliwa na mkono wa mwanamke mwingine, imetandikwa vizuri, na kidonda kile cha zamani kikamchoma mahali pale pale. Akamsogeza mtoto karibu, akamkagua misuko nyuma ya masikio, mmoja baada ya mwingine, polepole, ingawa yote aliisuka mwenyewe jana yake.

"Mwambie mama yako mdogo nywele zake zimeshafika wakati wa kufumuliwa," alisema. "Aje Jumanne, asubuhi, kabla watu hawajajaa. Upande wa kulia nilimkaza sana."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hilo la upande wa kulia usiseme. Mwambie aje tu."